Mali Bila Daftari: Namna ya Kuiuliza Halmashauri Habari za Mirathi

Mtu akifa mbali na kwao, kwanza huja habari, na habari hufuatwa na kilio, na kilio hufuatwa na matanga. Matanga yakiisha kuondolewa, ndugu huanza kusemezana. Mmoja husema marehemu alikuwa na shamba kubwa. Wa pili husema alikuwa na nyumba ya bati. Wa tatu, ambaye hakufika huko hata siku moja, husema kwamba mali yote imekwisha kuliwa na majirani pamoja na wakubwa wa kijiji. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa, kabla mtu yeyote hajaona hata karatasi moja.

Leo twapenda kuwaelezeni jinsi mtu awezavyo kuiuliza halmashauri ya kijiji, au ya wilaya, habari za mali ya ndugu yake aliyekufa. Maneno yetu yahusu Tanzania Bara. Sisi si wanasheria. Tu walimu wa chuo cha ualimu, na kazi yetu ni kuwafundisha vijana watakaowafundisha watoto. Walakini jambo hili tumelipitia wenyewe. Tulikosea kwanza, tukajifunza baadaye, na twaona si haki kukaa na fundisho hilo peke yetu.

Barua yetu ya kwanza

Mjomba wetu aliondoka Newala akiwa kijana, akaenda Tanga kukata mkonge. Wamakonde wengi walifanya vivyo hivyo, kwani mkonge, ulioletwa Tanga na Wajerumani mwaka 1893, ulitaka mikono mingi, na mikono ya watu wa pale haikutosha. Wengine walirudi kwao baada ya kazi, na wengine hawakurudi. Mjomba hakurudi. Kazi ya mkonge ilipopungua alipata shamba katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muheza, akapanda michungwa na mihogo. Habari zake zilitufikia kwa nadra, kwanza kwa barua, kisha kwa simu. Mwaka 2019 tuliletewa habari kwamba amefariki, na kwamba amezikwa huko huko.

Kwa desturi ya Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mpwa ndiye amrithiye mjomba wake. Basi wazee wetu walituita, wakasema, “Mali ya mjomba ni ya wapwa. Ninyi mmesoma, andikeni barua.”

Tuliandika. Kwa kuwa tulilelewa katika shule ya misheni, ambako barua njema ilikuwa ile yenye salamu ndefu, salamu zetu zilijaza nusu ya ukurasa. Kisha tukaeleza ukoo wetu tangu kwa bibi mzaa mama. Kisha tukalalamika kwamba tumesikia mali inafujwa. Mwisho tukaandika, “Kwa hiyo twaomba mtupatie mali ya mjomba wetu.” Kurasa mbili na nusu kwa jumla. Tukazipeleka kwa halmashauri ya kijiji, tukangoja miezi 3. Jibu halikuja, nasi tukayakini moyoni kwamba wale watu ni wezi.

Karibu na chuo chetu alikaa mzee mmoja aliyekuwa karani wa halmashauri kwa miaka mingi, naye amekwisha kustaafu. Tulimpelekea nakala ya barua yetu, tukitumaini kwamba atawalaumu wenzake. Alivaa miwani, akasoma mpaka neno la mwisho, akaturudishia.

“Walimu,” akasema, “barua hii ni nzuri, lakini haina swali. Kama ninyi ndio mngekuwa karani, mngejibu nini?”

Hatukuwa na la kusema. Kila siku twawafundisha vijana kwamba mwalimu asiyeuliza vizuri hapati jibu zuri, na sisi wenyewe tulikuwa tumetenda kosa lile lile.

Milango mitatu

Neno la kwanza tulilofundishwa na mzee yule ni hili: mirathi ina milango mitatu, na kila mlango una kazi yake. Mtu akibisha mlango usio wake, hata abishe kwa nguvu namna gani, hatafunguliwa.

Mlango wa kwanza ni halmashauri. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, kama ilivyowekwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, na katibu wake ni Afisa Mtendaji wa Kijiji. Hao hawagawi mirathi. Hawana mamlaka ya kusema kwamba shamba hili la marehemu sasa ni la fulani. Kazi yao ni kutunza kumbukumbu za kijiji: nani alipewa ardhi, lini, na kwa kikao gani. Kwa hiyo kwao twaomba habari, hatuombi mali.

Mlango wa pili ni mahakama. Mahakama ndiyo humteua msimamizi wa mirathi, naye hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni yake, kisha huwagawia warithi. Kwa mirathi inayofuata sheria ya mila au sheria ya Kiislamu, mahali pa kuanzia ni Mahakama ya Mwanzo. Tena yafaa kukumbuka sana kwamba mahakama inayohusika ni ile ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu alipokufa. Sisi tulidhani tutafungua shauri Newala, kwa kuwa ndiko ukoo uliko. Sivyo. Mjomba aliishi Muheza, basi shauri lake lilikuwa la Muheza.

Mlango wa tatu ni zile ofisi zinazoshika jambo moja moja. Cheti cha kifo hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulioanzishwa mwaka 2006, nao hufanya kazi hiyo kwa mkono wa msajili wa wilaya. Mafao ya mtumishi wa serikali huulizwa katika mfuko wa PSSSF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2018, na ya wafanyakazi wa kampuni na watu binafsi katika mfuko wa NSSF. Fedha zilizo benki huulizwa benki, tena na msimamizi aliyekwisha kuteuliwa na mahakama. Msiende kumwuliza Mtendaji wa Kijiji habari za benki. Hana, na kama angekuwa nazo asingekuwa na ruhusa ya kuwapeni.

Vitabu vilivyomo katika ofisi ya kijiji

Sasa, ikiwa halmashauri hutunza kumbukumbu, ni kumbukumbu zipi? Mtu asiyejua kitabu kilichopo hawezi kuomba ukurasa wake.

Kitabu cha kwanza ni daftari la ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, yaiagiza kila halmashauri ya kijiji kuweka daftari hilo. Mtu aliyepewa hati ya hakimiliki ya kimila huandikwa humo, na hati yake huwa na sahihi za mwenyekiti na katibu wa halmashauri ya kijiji, na sahihi au dole gumba la mwenye ardhi, pamoja na sahihi na muhuri wa afisa ardhi wa wilaya. Kwa hiyo hati ikipotea nyumbani kwa marehemu, alama yake hubaki kijijini, na ofisi ya ardhi ya wilaya nayo yafaa kuulizwa.

Kitabu cha pili ni mihtasari ya vikao. Katika vijiji vingi mashamba bado hayajaandikiwa hati, na huko mihtasari ndiyo shahidi mkubwa. Halmashauri haigawi ardhi ila kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huandikwa. Mwenye kujua mwaka ambao ndugu yake alipewa shamba, ingawa kwa kukisia, amemsaidia karani kuliko mwenye kuandika kurasa kumi za malalamiko.

Kitabu cha tatu ni daftari la wakazi. Humo huonekana marehemu alikaa katika kaya gani na pamoja na nani. Wasikilizaji wetu, msilidharau daftari hili. Kwetu sisi hilo ndilo lililogeuza shauri zima, kama mtakavyosikia.

Tena kuna hati za mauziano. Watu wengi wauziapo shamba huandikiana mbele ya mwenyekiti au mtendaji, na nakala moja huachwa ofisini. Nakala hiyo yaweza kuonyesha kwamba marehemu alinunua; yaweza pia kuonyesha kwamba aliuza, na kwamba lile shamba kubwa lisifiwalo na ndugu halikuwa lake tena miaka mingi kabla ya kufa kwake.

Kama marehemu alikuwa mtumishi wa halmashauri ya wilaya, tuseme mwalimu au mganga wa zahanati, au kama alikuwa na leseni ya biashara au kibanda katika soko la halmashauri, basi habari hizo ziko wilayani, si kijijini. Barua iende huko.

Namna ya kuandika

Mzee yule alitukataza kuandika zaidi ya ukurasa mmoja. Alisema barua ya ofisi yataka mambo manne tu: nani aomba, marehemu ni nani, kinachoombwa ni nini, na jibu lipelekwe wapi. Salamu ndefu ziwekwe kwa siku mtakapokutana uso kwa uso. Hii hapa barua tuliyoiandika mara ya pili, bila majina:

“Afisa Mtendaji wa Kijiji, Kijiji cha ………, Wilaya ya Muheza.

YAH: KUOMBA HABARI ZA ARDHI YA MAREHEMU ………

Sisi ni watoto wa dada yake marehemu aliyetajwa hapo juu, aliyekuwa mkazi wa kijiji chako, akafariki mwaka 2019. Twaambatisha nakala ya cheti cha kifo, nakala za vitambulisho vyetu, na barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa kijiji chetu.

Twaomba kujulishwa mambo haya:
1. Je, jina la marehemu limo katika daftari la ardhi ya kijiji? Kama limo, ni ardhi gani, ya ukubwa gani, na je, kuna jina jingine pamoja na lake?
2. Je, kuna muhtasari wa kikao kilichompa ardhi hiyo, au hati ya mauziano iliyoachwa ofisini?
3. Je, baada ya kifo chake kuna mtu aliyeleta barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi?
4. Je, katika daftari la wakazi, kaya ya marehemu ina watu gani?

Hatuombi kugawiwa mali. Twaomba habari tu, ili tufuate njia ya sheria. Tafadhali tupigie muhuri nakala ya barua hii kuonyesha tarehe uliyoipokea.”

Msikilizaji atazame maneno ya mwisho. Nakala yenye muhuri na tarehe ni mali. Barua isiyo na alama ya kupokelewa ni kama haikuandikwa, kwa maana siku mtakapolalamika, mtaulizwa ililetwa lini na ilipokelewa na nani.

Haki iliyoko katika sheria

Wako watu wanaodhani kwamba kujibiwa na ofisi ni hisani. Yafaa wajue kwamba Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, yampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma, na serikali za mitaa zimo. Ofisi iliyoombwa yapaswa kujibu mapema iwezekanavyo, wala isipite siku 30. Ikikataa, yapaswa kutoa sababu. Asiyeridhika aweza kuomba mkuu wa taasisi hiyo aliangalie shauri upya, na baadaye kulipeleka kwa Waziri. Hata mtu asiyejua kuandika, au asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu, aweza kusema ombi lake kwa mdomo, na mwenye ofisi akaliandika. Mkiambiwa mlipe gharama ya kunakili, lipeni, lakini dai stakabadhi.

Sheria hiyo hiyo yalinda pia siri za watu. Ofisi yaweza kukataa kutoa habari zinazoingilia mambo ya faragha ya mtu mwingine pasipo sababu ya haki. Hii ndiyo sababu ya kuambatisha cheti cha kifo na uthibitisho wa ujamaa. Karani asiyewajua hawezi kupambanua kama ninyi ni ndugu wa marehemu au ni matapeli waliosikia kwamba kuna shamba lisilo na mwenyewe, nao matapeli wa namna hiyo wako. Kwa hiyo akiwataka mthibitishe, msimkasirikie. Analinda mali ya ndugu yenu.

Tena hatushauri mtu kuingia ofisini na sheria mkononi kama mwenye fimbo. Dada yetu ndiye aliyeipeleka barua ya pili. Alimkuta Mtendaji, kijana wa kike aliyekuwa bado mgeni katika kijiji. Dada alimwambia kwa upole sababu ya kuja kwake, akampa barua. Yule Mtendaji aliisoma pale pale, akapiga muhuri, akasema, “Dada, maswali haya nayaweza. Nipe nafasi nitafute madaftari ya wenzangu walionitangulia.” Ile barua yetu ya kwanza alikuwa hajaiona kabisa, kwani ilimfikia mtu aliyekwisha kuhamishwa. Miezi 3 tulikuwa tumewaita wezi watu ambao hawakuwa na habari zetu.

Jibu lililokuja

Jibu lilikuja baada ya siku 19. Lilikuwa ukurasa mmoja, nalo lilikuwa na habari tusizozitazamia.

Jina la mjomba lilikuwamo katika daftari la ardhi. Shamba lilikuwa la ekari 4, si 20 kama tulivyosikia. Hati ya kimila ilitolewa mwaka 2014, na majina yaliyoandikwa katika hati yalikuwa mawili: la mjomba, na la mkewe. Ekari nyingine mbili aliziuza mwaka 2011 mbele ya mwenyekiti, na nakala ya mauziano ilikuwapo. Katika daftari la wakazi, kaya yake ilikuwa na mke na watoto 3. Hapakuwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama.

Sisi tulijua kwamba mjomba aliwahi kuishi na mwanamke huko. Hatukujua kwamba alikuwa na nyumba na watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Tulifunga safari kwenda Muheza. Tulipofika, mama yule alitupokea mlangoni. Tuliamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitikia, “Marahaba, wanangu,” akatuwekea viti chini ya mchungwa, akaleta chai. Kisha akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati, akaliweka mbele yetu. Ndani mlikuwamo hati, cheti cha kifo, na barua zetu zote tulizomwandikia mjomba tangu utoto, zimefungwa kwa uzi wa mkonge.

“Nimewangoja tangu siku ya mazishi,” akasema. “Watu waliniambia kwamba wapwa wa kusini watakuja kunitoa. Nilisema, wakija nitawaonyesha karatasi, kisha wafanye wapendavyo.”

Wasikilizaji wetu, twaona haya kuwaambieni kwamba barua yetu ya kwanza, kama ingelifika mikononi mwa mtu mpumbavu au mla rushwa, ingeliweza kumtoa mama huyo katika shamba alilolilima kwa mikono yake. Sisi tulidhani kwamba twatafuta haki. Kumbe tulikuwa tukiomba mali ambayo nusu ya majina yake hatukuyajua.

Mila na sheria

Tuliporudi nyumbani wazee hawakufurahi. Walisema karatasi za Tanga haziwezi kufuta mila ya Newala. Tuliwaheshimu, tukawaeleza pole pole mambo mawili.

Jambo la kwanza: jina la mke lililo katika hati ni lake yeye. Kifo cha mumewe hakikumwondolea haki yake, wala haki hiyo haikuingia katika mali ya kugawiwa wapwa. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji yasema wazi kwamba mila inayowanyima wanawake, watoto au wenye ulemavu haki ya kupata ardhi, kukaa juu yake au kuitumia, ni batili. Mila yetu ina mengi mema, na kuwatunza wapwa ni jema mojawapo. Lakini haikuwekwa ili mjane alale nje.

Jambo la pili: iwapo bado kuna sehemu ya marehemu inayostahili kurithiwa, si wapwa wala si mjane atakayeamua ni sheria gani itumike. Mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi, kisha huamua. Na kama pana ugomvi wa mipaka au wa nani alime wapi, kijiji kina baraza la ardhi lenye wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yao ni kupatanisha, nao hufanya hivyo bila gharama kubwa.

Mwisho ulikuwa wa amani. Kikao cha familia kilifanyika Muheza, wapwa wawili wakahudhuria, muhtasari ukaandikwa na kutiwa sahihi. Binti mkubwa wa marehemu alipendekezwa kuwa msimamizi, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua. Msimamizi wa namna hiyo hupewa miezi 4 kuleta mahakamani orodha ya mali na madeni yote katika Fomu Na. 5, na baadaye hesabu za ugawaji katika Fomu Na. 6. Binti yule alizipeleka zote mbili, na nakala akatuletea sisi, ingawa hatukumwomba. Wapwa hatukupata hata ngwe moja ya shamba. Tulipewa zile barua zetu na kofia ya mjomba, na kila msimu wa machungwa hatukosi kuletewa gunia.

Maneno ya kufungia

Twarudia kwa ufupi, ili msikilizaji aweze kuyaandika kando ya kalenda yake. Pata cheti cha kifo mapema. Pata barua ya utambulisho. Jua kitabu unachokitaka, na uombe ukurasa wake kwa maswali machache yenye namba. Peleka barua kwa mkono, rudi na nakala yenye muhuri. Ngoja siku 30, na kama kimya kimezidi, kumbusha kwa barua ya pili, kisha panda ngazi. Habari ukiisha kuipata, ipeleke mahakamani. Usiende nayo shambani na panga.

Tena kuna neno moja kwa sisi tulio hai. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Taabu yote tuliyoipata ilitokana na mjomba aliyekuwa na hati katika sanduku, lakini hakuwaambia ndugu zake kwamba ana mke, wana, na ekari 4. Mwenye shamba na aandike jina la mwenziwe aliyelima naye. Mwenye watoto wa mbali na awajulishe ndugu zake. Na mwenye karatasi na amwonyeshe mtu mmoja mwaminifu mahali alipoziweka, ili siku atakapoondoka, wale watakaolia pamoja waweze pia kukaa chini ya mchungwa mmoja na kunywa chai.